Oksijeni Ipo, Lakini Utapumua?

Kuna jambo moja katika filamu za anga za juu ambalo huniharibia utamu wote. Chombo kimetua kwenye sayari ngeni, milima ni ya zambarau, angani kuna miezi miwili. Mtaalamu anatazama kifaa alichofunga mkononi, anasema, "Oksijeni asilimia 21," na papo hapo wote wanavua helmeti, wanavuta pumzi ndefu, wanacheka. Watoto wa dada yangu, ambao ndio hunilazimisha kutazama filamu hizo siku nisizokuwa na zamu, hushangilia. Mimi ni muuguzi, nafanya kazi wodi ya magonjwa ya kifua hapa Uingereza, na ninachokiona pale ni watu watano wanaohatarisha roho zao kwa kipimo kimoja tu. Hakuna muuguzi anayempima mgonjwa hivyo.

Mkubwa wao, ambaye ana miaka 12, aliniuliza swali lililokuwa na maana kuliko filamu yenyewe: "Mamdogo, sasa kama oksijeni ipo, kinakosekana nini?" Nilimjibu kwa ufupi huku napika. Hapa nalijibu kwa urefu, kwa sababu jibu lake halihusu sayari za mbali peke yake. Sehemu yake moja inahusu sebule zetu hapa ugenini, hasa miezi ya baridi tunapofunga madirisha yote.

Asilimia hudanganya

Hewa tunayovuta ina nitrojeni asilimia 78, oksijeni 21, agoni karibu 1, na kilichobaki ni vidogo vidogo, ikiwemo kabonidayoksaidi ambayo ni kama asilimia 0.04 tu. Ukipanda Kilimanjaro mpaka kilele cha Uhuru, mita 5,895, uwiano huo haubadiliki. Oksijeni ni ileile asilimia 21. Lakini waulize waliofika: hatua tatu, unasimama, unahema kama uliyefukuzwa na ng'ombe.

Fikiria mabasi mawili ya mwendokasi. Katika kila abiria watano, mmoja ni mwanafunzi. Basi la kwanza limejaa mpaka mlangoni, la pili limejaa nusu. Uwiano wa wanafunzi ni uleule, lakini yakifika kituo cha shule, basi la pili litashusha nusu ya wale wa basi la kwanza. Mapafu yako ni kituo cha shule. Hayajali uwiano, yanajali wangapi wanashuka.

Kwa hiyo kitu cha kupima ni presha ya oksijeni yenyewe. (Nikisema presha leo, msiifikirie ile ya kumeza vidonge kila asubuhi. Nazungumzia mgandamizo wa hewa.) Hospitalini hapa tunaipima kwa kilopaskali. Usawa wa bahari, pale Mombasa au Muscat, hewa yote hukandamiza kwa kilopaskali 101, na mgao wa oksijeni ni kama 21. Kileleni Uhuru mgao huo unakaribia 10. La Rinconada huko Peru, mji wa wachimba dhahabu ulio mita 5,100 juu ya bahari, unatajwa kuwa makazi ya kudumu yaliyo juu kuliko yote duniani, na mgao wao ni 11 na ushei. Juu ya Everest ni kama 7. Reinhold Messner na Peter Habeler walifika huko Mei 1978 bila mtungi wa oksijeni, wa kwanza kufanya hivyo, lakini hakuna mtu anayehamia Everest. Ukiniuliza mimi, sayari ambayo familia ingeweza kuishi, kubeba mimba na kulea watoto wachanga isishuke chini ya hapo La Rinconada, na hata hapo wengi wetu tungeugua kwanza.

Sasa tazama Mirihi, maana ndiyo inayotajwa sana na matajiri wa roketi. Presha yake yote haifiki hata asilimia moja ya yetu. Hewa yake ni kabonidayoksaidi asilimia 95, na oksijeni ni kidogo mno. Lakini tufanye muujiza: tuibadilishe hewa yote hiyo iwe oksijeni tupu, asilimia 100. Kifaa cha mkononi kingeshangilia. Wewe ungezimia kabla hujamaliza kusoma namba, kwa sababu oksijeni asilimia 100 ya karibu na hakuna ni karibu na hakuna.

Tena kuna jambo baya zaidi. Presha ikishuka chini ya kilopaskali 6.3, maji huchemka kwa joto la mwili wa binadamu. Kwetu duniani hali hiyo hufikiwa kwenye kimo cha kilomita 19 hivi, na mpaka huo unaitwa mpaka wa Armstrong. Si Neil aliyekanyaga mwezi. Ni Harry Armstrong, daktari wa jeshi la Marekani. Mwaka 1966 huko Houston, fundi wa NASA aitwaye Jim LeBlanc alikuwa anajaribu suti ya anga ndani ya chumba kilichotolewa hewa, mpira wa kuingizia hewa ukachomoka. Alipoteza fahamu ndani ya sekunde kama 14. Alipozinduka alisema kitu cha mwisho alichokumbuka ni mate yakichemka juu ya ulimi wake. Alipona. Damu yenyewe haichemki upesi hivyo kwa kuwa imefungwa ndani ya mishipa, lakini mate, machozi na unyevu wa mapafu havina kinga hiyo. Presha ya Mirihi iko chini sana ya mpaka huo.

Upande wa pili, oksijeni ikizidi nayo ni sumu. Hili huwashangaza sana wagonjwa. Watu wengi huidhani ni kama maji ya kunywa: ikiwa nzuri, basi nyingi ni nzuri zaidi. Hapa Uingereza oksijeni huandikwa kwenye karatasi ya dawa kama dawa nyingine, pamoja na kiwango cha kulenga. Miaka ya 1940 na mwanzoni mwa 1950 watoto njiti waliwekwa kwenye oksijeni nyingi ili waokolewe, na maelfu yao wakapofuka kwa sababu mishipa ya macho machanga iliharibika. Mwanamuziki Stevie Wonder, aliyezaliwa mwaka 1950 kabla ya wakati, ni mmoja wao. Mtu mzima naye akivuta oksijeni yenye presha zaidi ya kilopaskali 50 kwa siku kadhaa mapafu huanza kuvimba.

Na ukishavuka kiwango, kila kitu huwa kuni. Tarehe 27 Januari 1967, Gus Grissom, Ed White na Roger Chaffee walikuwa ndani ya chombo cha Apollo 1 kikiwa bado ardhini, wakifanya mazoezi. Chombo kilijazwa oksijeni tupu kwa presha iliyozidi kidogo ya nje. Moto uliwaka, ukaenea kwa sekunde chache, wote watatu wakafa. Hata hivyo, wanaanga wanaotembea nje ya kituo cha anga leo huvuta oksijeni tupu ndani ya suti zao na hawadhuriki, kwa sababu suti hiyo hujazwa kilopaskali 30 tu. Oksijeni asilimia 100 huua mahali pamoja na kufaa mahali pengine. Ndiyo maana nasema asilimia hudanganya.

Kuna dunia moja inayonifurahisha katika hesabu hizi, nayo ni Titan, mwezi mkubwa wa Zohali. Chombo cha Huygens kilitua huko Januari 2005. Hewa yake ni nitrojeni kwa sehemu kubwa, kama yetu, na presha yake ni mara moja na nusu ya hapa. Usingehitaji suti ya presha. Ungehitaji barakoa ya oksijeni na makoti ya kutosha, maana baridi yake ni nyuzi 179 chini ya sifuri. Ninyi mnaolalamikia Minnesota mpo?

Upepo unaoitwa mazuku

Tuseme sasa tumepata sayari yenye presha nzuri na oksijeni ya kutosha. Je, tuvue helmeti? Bado. Mimi ningeuliza kwanza habari za kabonidayoksaidi, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo kazi yangu ilipo.

Wengi tunadhani mwili hutusukuma kupumua kwa kuwa unatafuta oksijeni. Kwa kawaida si hivyo. Ukiziba pumzi, ile hamu kali ya kuvuta hewa inayokujia haitokani na oksijeni kwisha, inatokana na kabonidayoksaidi kujaa kwenye damu. Ndiyo maana mtu akiingia kwenye chumba chenye nitrojeni tupu haoni shida yoyote. Anaendelea kutoa kabonidayoksaidi nje kama kawaida, mwili unaona mambo shwari, na ndani ya nusu dakika yuko chini. Hakohoi, hapigi kelele. Sayari isiyo na oksijeni ingekuua bila hata kukutisha.

Sayari yenye kabonidayoksaidi nyingi ingefanya kinyume. Hewa unayotoa puani sasa hivi unaposoma ina kabonidayoksaidi kama asilimia 4. Ukivuta hewa yenye asilimia 5, utahema, kichwa kitagonga, jasho litakutoka. Ikifika 10, fahamu hupotea ndani ya dakika chache. Na hii ni hata kama oksijeni imebaki 21 kamili. Kile kifaa cha kwenye filamu kingesoma vizuri huku watu wanaanguka.

Wodini ninawaona watu wa namna hiyo kila wiki, ingawa kwao sumu haitoki nje, inashindwa kutoka ndani. Ni wazee walioharibika mapafu kwa sigara au kwa vumbi la kazini. Mzee analetwa, anasinzia katikati ya sentensi, mikono inapepesuka akiinyoosha, uso umekuwa mwekundu. Ndugu zake wanasema amechoka tu, mwacheni alale. Hajachoka. Baadhi yao ukiwapa oksijeni nyingi hali huwa mbaya zaidi, ndiyo maana tunalenga asilimia 88 hadi 92 kwenye damu yao, si 94 hadi 98 kama kwa wengine.

Hatuhitaji kwenda anga za juu kuikuta hewa hii. Ipo Kongo, na ina jina la Kiswahili. Kando ya Ziwa Kivu, karibu na Goma na Sake, chini ya volkano za Nyiragongo na Nyamulagira, kuna mashimo na mabonde ambamo kabonidayoksaidi hutoka ardhini. Wenyeji huiita mazuku, upepo mbaya. Wataalamu wa volkano wamelichukua neno hilo kama lilivyo, na leo utalikuta kwenye majarida ya kisayansi ya Kiingereza na Kifaransa bila kutafsiriwa. Hewa hiyo ni nzito kuliko hewa ya kawaida kwa mara moja na nusu, haina rangi, haina harufu. Usiku usio na upepo hujaa shimoni kama maji kwenye bakuli. Asubuhi utakuta mbuzi wamekufa, au mbwa. Mtu mzima anaweza kusimama mahali kichwa chake kiko juu ya ile hewa, akamtazama mtoto aliyemshika mkono akilegea bila kujua kwa nini.

Huko Kameruni, usiku wa tarehe 21 Agosti 1986, Ziwa Nyos lilitoa wingu zima la kabonidayoksaidi iliyokuwa imehifadhika chini ya maji. Liliteremka mabondeni na kuua watu wapatao 1,700 pamoja na mifugo yao, wengine wakiwa umbali wa kilomita zaidi ya 20. Anga juu yao lilikuwa lilelile la dunia, lenye oksijeni yake yote. Kwa saa chache tu, walikuwa kama wako kwenye sayari nyingine.

Wanaanga wanaijua hofu hii. Katika safari ya Apollo 13, Aprili 1970, tangi la oksijeni lilipolipuka, watatu wale walikimbilia kwenye kijichombo kilichotengenezwa kwa watu wawili. Kilichotaka kuwamaliza huko ni pumzi zao wenyewe. Machujio ya ziada waliyokuwa nayo yalikuwa ya mraba na matundu ni ya duara, ikabidi waunge kwa mifuko ya plastiki, makaratasi magumu na gundi ya utepe. Hata leo kwenye kituo cha anga cha kimataifa kabonidayoksaidi huwa juu mara kadhaa kuliko ya hapa chini, na wanaanga hulalamika kuumwa kichwa.

Sasa unganisha hayo na sayari za nyota nyingine. Wanaanga-sayansi huzungumza juu ya ukanda unaofaa, yaani umbali kutoka kwenye nyota ambapo maji hayagandi wala hayakauki. Magazeti hutafsiri "ukanda unaofaa" kuwa "tunaweza kuishi." Lakini sayari iliyo ukingoni mwa ukanda huo, mbali na nyota yake, hubaki na joto kwa sababu tu imejifunika blanketi nene la kabonidayoksaidi. Mwaka 2019 watafiti wakiongozwa na Edward Schwieterman wa Chuo Kikuu cha California, Riverside, walipiga hesabu ya swali hilohilo: ni sehemu gani ya ukanda huo ambamo viumbe wanaopumua kama sisi hawatapata sumu? Ukanda ulinywea, ukabaki chini ya nusu. Bakteria wangeweza kustawi kwenye sehemu iliyobaki. Mamdogo na wapwa zake, hapana.

Hesabu hizo zilionyesha jambo la pili. Kwenye sayari za nyota ndogo zenye mwanga hafifu, kama Proxima Centauri ambayo ni jirani yetu wa karibu kuliko nyota zote ukiondoa Jua, mionzi ya nyota hiyo inaweza kufanya gesi nyingine ijikusanye hewani. Gesi hiyo ni kabonimonoksaidi. Jina lake linafanana na la ile ya kwanza, lakini tabia ni nyingine kabisa, na hii ndiyo niliyoisema mwanzoni kwamba ipo kwenye sebule zetu.

Jiko la mkaa ndani ya fleti

Himoglobini ni ile protini nyekundu inayobeba oksijeni kwenye damu. Kabonimonoksaidi huishika himoglobini kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni inavyoishika. Abiria huyo akikaa kitini hasimami. Oksijeni imejaa kwenye mapafu, imekosa gari la kuondokea. Sayari yenye gesi hii kwa sehemu moja tu ya kumi ya asilimia ingetosha kuua mtu kwa muda mfupi, hata kama kila kitu kingine ni sawasawa na Zanzibar.

Mkaa unaowaka mahali pasipo na hewa ya kutosha hutoa gesi hiyohiyo. Nyumbani jikoni kuna madirisha yasiyofungika, mlango u wazi, jiko lenyewe mara nyingi liko uani. Hapa nyumba zimezibwa kila ufa ili joto lisitoke. Umeme ukikatika, au bili ya gesi ikiwa imetushinda, mtu anaingiza jiko la kuchomea nyama sebuleni ili watoto wapate joto. Wengine wanaota mkaa kwenye mahema ya jangwani kule Ghuba, majira yao ya baridi. Chetezo cha udi kinachofukizwa chumba kizima kikiwa kimefungwa nacho kina kaa ndani yake. Udi wenu siukatazi, ndugu zangu, nami nafukiza. Fungueni dirisha.

Dalili zake ni za kuhadaa: kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, miguu kuishiwa nguvu. Utadhani ni mafua. Lakini mafua hayawapati watu wote wa nyumba saa moja, wala hayatulii mkitoka nje na kurudi mkirudi ndani. Mkiona hivyo tokeni wote, pigeni simu ya dharura, na semeni wazi kwamba kulikuwa na mkaa au jiko la gesi linawaka. Msione haya. Mjamzito apelekwe hata akijisikia vizuri, kwa sababu aliye tumboni huumia zaidi.

Na msitegemee kile kibanio cha kidoleni ambacho wengi tulinunua wakati wa korona. Kibanio hutazama rangi ya damu, na damu iliyobeba kabonimonoksaidi ni nyekundu ya kupendeza. Kitasoma 99 wakati mtu anakufa. (Na kwa kuwa tumekigusa: utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2020 ulionyesha kuwa kwa wagonjwa weusi vibanio hivyo huficha upungufu wa oksijeni mara karibu tatu zaidi kuliko kwa wazungu. Namba ikiwa nzuri na mgonjwa wako anahema vibaya, muamini mgonjwa.) Hospitali hupima damu yenyewe. Tiba ni oksijeni nyingi ya barakoa: kwenye hewa ya kawaida nusu ya sumu hiyo huchukua saa 5 hivi kutoka mwilini, kwa oksijeni tupu huchukua saa moja na zaidi kidogo. King'ora cha kabonimonoksaidi ni kidogo kama king'ora cha moshi na bei yake si kubwa. Kiwepo.

Turudi kwenye sayari yetu, maana bado hatujavua helmeti. Nitayapitia yaliyobaki haraka. Lazima kuwe na gesi ya kujazia, isiyofanya kitu, ili oksijeni isituunguze. Nitrojeni ndiyo nzuri, lakini ikikandamizwa sana hulevya, kama wapiga mbizi wanavyojua. Kusiwe na gesi za salfa wala amonia. Vumbi nalo ni hewa. Harrison Schmitt aliyetembea mwezini Desemba 1972 alipanda chomboni akiwa na makamasi na macho yanayowasha, mzio wa vumbi la mwezi. Udongo wa Mirihi una chumvi za pakloreti, ambazo chombo cha Phoenix kilizigundua mwaka 2008. Chumvi hizo huzuia tezi ya shingo kuchukua madini ya joto. Ukiishi na vumbi hilo kwenye nguo na matandiko miaka kumi, tungeonana kliniki.

Nani aliipika hewa hii?

Mpwa wangu aliuliza pia, kama masharti ni mengi hivyo, ilikuwaje dunia ikayatimiza yote. Haikuyatimiza. Dunia ina umri wa miaka bilioni 4.5, na kwa karibu nusu ya umri huo hewa yake karibu haikuwa na oksijeni kabisa. Ungetua hapa na chombo chako, ungekufa Bagamoyo kama vile ungekufa Mirihi. Kisha vijidudu vya majini, sayanobakteria, vikaanza kula mwanga wa jua na kutoa oksijeni kama taka. Miaka kama bilioni 2.4 iliyopita taka hiyo ikaanza kujaa hewani. Hata baada ya hapo kiwango kilipanda na kushuka. Kuna zama kilivuka sana 21 ya leo, zama za wadudu kama kerengende wenye mabawa ya upana wa sentimeta 70.

Kwa hiyo hatukuumbiwa chumba tukakikuta tayari. Sisi na mapafu yetu tulikua ndani ya hewa iliyopikwa na wengine, tukaizoea hiyo. Oksijeni haipendi kukaa peke yake. Huungana na chuma ikawa kutu, huungana na mawe. Ikikutwa nyingi kwenye sayari, inaelekea kuna kinachoitoa kila siku. Kuna njia chache za kuipata bila uhai, kwa mfano mionzi ikipasua maji, na wanasayansi hubishana juu ya hilo. Lakini kwa jumla, sayari ya kuvua helmeti ingekuwa na wenyewe, hata kama ni ukoka wa kijani kwenye mawe tu. Kuna chavua yao, kuvu wao, na miili yetu haijawahi kukutana nao. Ningeomba sindano za mzio ziwe karibu.

Sayari za nyota nyingine zilizothibitishwa ni zaidi ya 5,000, tangu Michel Mayor na Didier Queloz walipoipata ya kwanza kwenye nyota inayofanana na Jua mwaka 1995. Darubini ya James Webb, iliyorushwa siku ya Krismasi mwaka 2021, inaweza kusoma hewa ya baadhi yake kwa kutazama mwanga wa nyota unaopita pembeni mwa sayari. Ilielekezwa kwenye TRAPPIST-1, nyota ndogo iliyo umbali wa miaka 40 hivi ya nuru yenye sayari saba za mawe. Mwaka 2023 majibu ya mbili za ndani yalitoka: ya kwanza inaonekana haina hewa ya maana, ya pili haina ile hewa nene ya kabonidayoksaidi iliyodhaniwa. Sayari nyingine kwenye msururu huo bado zinachunguzwa.

Huku tukisubiri, kuna walioamua kuitengeneza hewa wenyewe. Chombo cha Perseverance kilichotua Mirihi Februari 2021 kilibeba mashine iitwayo MOXIE. Ilivuta kabonidayoksaidi ya huko, ikaipasha joto kali, ikaitoa oksijeni ndani yake. Mara ya kwanza, Aprili mwaka huo, ilitoa gramu 5.4. Ilifanya kazi mara 16 mpaka mwaka 2023, na jumla yake ikawa gramu 122, safi kwa asilimia 98. Binadamu mmoja huhitaji kama gramu 840 kwa siku. Nilipiga hesabu kwa kipimo cha wodini: ile barakoa yenye mfuko tunayomfunga mgonjwa aliyezidiwa hutumia lita 15 kwa dakika, ambazo ni gramu 20 hivi. Oksijeni yote iliyowahi kutengenezwa na mwanadamu kwenye sayari nyingine ingemfikisha mgonjwa huyo dakika 6.